Kusuka Kiatu cha Ngozi Juu ya Soli ya Tairi: Mwongozo kwa Fundi wa Mwanza

Kabla hujanunua hata kipande kimoja cha ngozi, jua unamsukia nani. Mfugaji anayeteremka kutoka Kwimba au Magu na ng'ombe wa mnadani hutembea kutwa, hupita kwenye miiba ya migunga, kisha huvuka udongo mweusi wa mbuga unaonata kama ulimbo. Mwalimu wa Nyegezi hushuka kwenye daladala, husimama darasani juu ya saruji, halafu hurudi kwenye daladala. Wape hawa wawili kiatu cha aina moja na mmoja wao atarudi kulalamika, tena atakuwa na haki.

Kwa hiyo anza na maswali. Mtu wa kutembea mbali anataka ukanda mpana, kamba ya nyuma ya kushika kisigino, na soli nene. Mtu wa ofisini anataka ukanda mwembamba, msuko uliobana na soli isiyozidi unene wa kidole chake kidogo. Dereva wa bodaboda ana shida yake peke yake: gia anaipandisha kwa mguu wa kushoto, na msuko wa kushoto huchakaa juu ya kidole gumba wakati wa kulia bado unang'aa. Huyo mwongezee kipande cha ngozi mahali hapo tangu mwanzo, usingoje arudi nacho kimekatika.

Na wale wanaoshinda majini Mwaloni Kirumba, kina mama wa dagaa na vijana wa kubeba samaki? Mimi nawaambia wazi kwamba kiatu cha ngozi si cha kazi yao. Ngozi inayolowa kila siku, ikashika maji ya samaki na chumvi, haimalizi msimu bila kuoza na kunuka. Wauzie cha kuvaa jioni au cha kwendea kanisani, kazini wabaki na yeboyebo au mabuti ya mpira. Mteja uliyemwambia ukweli hurudi na jirani yake.

Kuna mmoja zaidi wa kuangaliwa kwa makini, naye ni mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi. Ukanda ukimchubua hasikii, na mchubuko mdogo kwake unaweza kuwa kidonda kisichopona. Mtu akikuambia ana kisukari, mshauri aulize kwanza kliniki anakotibiwa kabla ya kuagiza kiatu chochote cha wazi.

Kuhusu asili ya kiatu chenyewe

Soli ya tairi hatuhitaji kufundishwa na mtu, katambuga zimezunguka Usukumani kote. Makubazi ya Pwani nayo tunayajua: mikanda mipana, nakshi, na mahali pa kupitisha kidole. Kiatu ninachoelekeza hapa kimechukua soli ya katambuga, lakini juu kimesukwa kwa ukanda unaoingia na kutoka kwenye matundu ya soli ya ndani, jinsi mafundi wa Meksiko wanavyofanya kwenye viatu vyao viitwavyo huarache.

Huko kwao viatu hivyo vilivaliwa kabla Wahispania hawajafika, na hadi leo vinatengenezwa katika majimbo kama Jalisco, Michoacán na Oaxaca. Vilikuwa vya wakulima na vibarua. Soli ya tairi iliingia miaka ya 1930, magari yalipozidi na matairi chakavu yakawa mali ya bure, sababu ileile iliyotuletea katambuga. Watu wa Rarámuri wa milima ya Chihuahua wana aina yao isiyosukwa, yaani kipande cha tairi na ukanda mmoja mrefu unaozungushwa kwenye kifundo cha mguu. Mwaka 1993 mmoja wao, Victoriano Churro, mwenye umri wa miaka 55, alishinda mbio za Leadville kule Colorado, Marekani, maili 100 za milimani, akiwa na soli za tairi miguuni. Mteja akikudharau kwamba tairi ni la maskini, msimulie hiyo.

Hatua ya 1: Chagua ngozi

Hapa ndipo kiatu kinapofia au kupona, kwa hiyo usiwe na haraka.

Unataka ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si ile iliyotengenezwa kwa dawa ya kromiamu. Kata kipembe kidogo uangalie ndani. Ya magome ni kahawia unene mzima. Ya kromiamu mara nyingi huonyesha ukijivu au ubuluu katikati, hata kama juu imepakwa rangi ya maziwa na chai. Kisha dondosha tone la maji. Ya magome hunywa maji na kuacha doa jeusi mara moja, ya kromiamu huliacha tone likae juu kwanza. Tofauti hii ina maana kubwa kwenye kusuka, kwa sababu ngozi ya magome ukiilowesha na kuivuta juu ya kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiatu husukiwa juu yake, ikikauka inabaki na umbo lile. Ya kromiamu ni laini, inapendeza kwa mkoba, lakini inaendelea kunyooka mwezi baada ya mwezi mpaka mguu unaogelea ndani.

Uliza pia kipande kimetoka sehemu gani ya ng'ombe. Mgongo na sehemu ya juu ya mapaja ndiko kwenye ngozi iliyoshikana. Tumboni ngozi hulegea, shingoni huwa na mikunjo. Wauzaji wanajua hili na vipande vya tumbo ndivyo wanavyovitanguliza mbele ya mgeni. Shika kipande kwa mikono miwili ukivute. Kikifuata mkono kama sweta, kirudishe.

Tena kuna jambo la huku kwetu. Ng'ombe wengi wa Kanda ya Ziwa wamepigwa chapa ya moto, na mara nyingi chapa iko palepale pajani au mgongoni penye ngozi bora. Ongeza mikwaruzo ya miiba, alama za kupe, na visu vya wachunaji wenye haraka. Ngozi yenye kovu la chapa ni ngumu na hupasuka ikikunjwa, kwa hiyo ukanda ukipita hapo utakatika hapo. Igeuze upande wa nyama, ushike juani, uone kama kuna mahali pamechunwa kwa kina. Kovu dogo linaweza kwenda kwenye soli ya ndani lisionekane, lakini kwenye ukanda halikubaliki.

Unene: milimita 2 kwa ukanda, 3 hadi 4 kwa soli ya ndani. Anayetaka kujifunza kutengeneza ngozi yenyewe tangu ikiwa mbichi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, ina kampasi hapa Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi. Ni elimu nyingine, mwongozo huu hauifikii.

Wengine wananiuliza kuhusu ngozi ya sangara. Ndiyo, hutengenezwa ikawa ngozi kamili, na mifuko ya magamba yake inaacha nakshi ambayo huwezi kuichora. Lakini ni nyembamba. Itumie kama pambo juu ya kamba ya kisigino, usiisukie.

Hatua ya 2: Tairi

Tairi za magari madogo za siku hizi zina nyaya za chuma chini ya kashata, yaani meno ya tairi. Kisu kitagonga waya, na waya ukibaki kwenye soli utatokeza siku moja na kumchoma mtu. Tafuta tairi la nyuzi tupu, ambalo bado hupatikana kwa baadhi ya malori, matrekta na trela. Ukikosa, tumia ubavu wa tairi la gari dogo, ambao kwa kawaida hauna waya. Ni mwembamba na unafaa kabisa kwa kiatu cha mjini. Tairi la pikipiki ni la nyuzi lakini limepinda mno na ni jembamba, labda kwa kiatu cha mtoto.

Kukata ni suala la maji na mtu wa pili. Chovya kisu kwenye maji yenye sabuni kila baada ya mikato michache, maana mpira mkavu unakibana. Usijaribu kupitisha kisu chini kwa mkato mmoja. Pitisha mara nyingi kwenye mstari uleule huku msaidizi akiupanua kwa kuvuta pembeni, na mkono wake uwe nyuma ya kisu siku zote. Likiwa nene kuliko unavyotaka, shika tabaka la nyuzi la ndani kwa plaizi ulichambue. Linatoka kwa shida, kisha ghafla linatoka lote, kwa hiyo kaa vizuri.

Kwa mfugaji acha milimita 10 hadi 12. Wa mjini zinamtosha 6 hadi 8. Kuhusu kashata, watu wanadhani ikiwa ndefu ndiyo bora. Kwenye luseni, ule mchanga wa vilimani, sawa. Kwenye mbuga wakati wa masika, kashata ndefu hubeba kilo nzima ya tope, na wazee wengi huishia kuvua viatu na kuvining'iniza kwenye fimbo. Tairi lililolika nusu linafaa zaidi.

Hatua ya 3: Pima mguu

Pima jioni. Mguu ulioshinda na joto la Mwanza huwa umevimba kidogo, na kiatu kilichopimwa asubuhi kitabana saa kumi.

Mteja asimame, asikae, uzito wake ukiwa miguu yote miwili. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya mguu, shika penseli wima na uzungushe. Pima miguu yote miwili, kwa sababu hailingani hata kwa kijana. Ongeza milimita 5 mbele ya vidole na milimita 3 kuzunguka, kisha kata boksi. Hicho ndicho kielelezo cha soli ya ndani. Andika pia mzingo wa mguu kwa futikamba mahali pawili: kwenye mizizi ya vidole na kwenye mgongo wa mguu.

Mzee mmoja wa Misungwi alikataa kukanyaga boksi langu kwa sababu ya magaga.

"Shikamoo babu, weka tu mguu, hilo boksi ni la kutupa."

"Marahaba mwanangu. Basi andika na hizi nyufa zangu, maana kamba ya nyuma ikinikalia juu yake nitakurudishia viatu vyako."

Alinifundisha kitu. Tangu hapo naangalia kisigino kabla ya kuamua kamba ya nyuma ikae juu kiasi gani. Kwa mwenye magaga iwe sentimita 5 au 6 kutoka chini, juu ya mahali ngozi ilipopasuka.

Hatua ya 4: Kalibu

Unahitaji kalibu ya mti ya saizi ile. Za plastiki zilizotoka viwandani huuzwa na wauza vifaa vya viatu, na kwa mwanzoni zinatosha. Ukichonga mwenyewe, tumia mti mwepesi uliokauka, na linganisha mzingo wake na vipimo vya mteja. Kalibu ikiwa nyembamba, ibandike vipande vya ngozi juu ya mgongo wa mguu mpaka ifikie. Bila kalibu utasuka kiatu kinacholala kama chandarua.

Hatua ya 5: Kata ukanda

Huna haja ya ngozi yenye urefu wa mita. Ukanda mrefu hutoka kwenye duara dogo: unaanza pembeni, unakata kwa kuzunguka kuelekea katikati. Duara la kipenyo cha sentimita 26, ukikata ukanda wa milimita 6, linatoa zaidi ya mita 8, hata ukikitupa kile kiini cha katikati kilichojikunja mno. Jozi moja inahitaji mita saba na nusu hivi. Ndiyo maana makombo ya fundi wa mikoba yanaweza kukulisha, mradi yawe ya ngozi ya magome na ya mgongoni.

Ili upana ulingane, piga misumari miwili kwenye ubao, nyuma ya wembe wa kisu uliosimamishwa wima, umbali wa milimita 6 kutoka kwenye wembe. Ngozi inapita kati ya wembe na msumari, unavuta taratibu. Mafundi wenye jicho wanakata mkono mtupu kwa kidole gumba kama kipimo. Waheshimu, lakini usiwaige kwenye duara la kwanza.

Ukanda ukitoka unakuwa umejipinda kama mkia wa nguruwe. Uloweshe kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi au kumi na tano, uufunge kwenye nguzo na kuuvuta kwa uzito wa mwili, uache umenyooshwa mpaka ubaki na ubichi kidogo. Hatua hii mafundi wengi wanairuka. Ukanda ambao haukuvutwa na wewe utavutwa na mguu wa mteja, na wiki mbili baadaye kiatu kitakuwa kimelegea. Mahali palipo na udhaifu ukanda utakatika mkononi mwako, jambo zuri, kwa sababu haujakatikia barabarani.

Baada ya kunyoosha, punguza makali ya pembeni upande wa juu kwa kisu, na upake mafuta kidogo ya ng'ombe au ya nyonyo. Kidogo tu. Ukijaza mafuta, gundi haitashika mwishoni.

Gawa hivi kwa kila mguu: kanda mbili za mita moja na nusu, na moja ya sentimita 70 ya kisigino. Chonga ncha za kila moja ziwe nyembamba na kali ili zipite kwenye matundu.

Hatua ya 6: Matundu

Kata soli ya ndani kwa kielelezo. Kuanzia mahali mizizi ya vidole inapoishia kurudi nyuma, weka alama nane upande wa ndani wa mguu na nane upande wa nje. Kutoka katikati ya alama moja hadi katikati ya inayofuata iwe milimita 14, na zote ziwe milimita 8 kutoka ukingoni. Upande wa nje anza sentimita moja na nusu nyuma zaidi ya upande wa ndani, kwa sababu vidole navyo vimepangwa kwa mshazari.

Toboa kwa patasi nyembamba ya milimita 7, mtobo ulale sambamba na ukingo wa soli. Wengi hutoboa tundu la duara kwa tindo. Ukanda ukipita kwenye duara unajikunja, na mkunjo ule unasugua mguu.

Yape majina kwa penseli upande wa chini: ND1 hadi ND8 kwa ndani, NJ1 hadi NJ8 kwa nje, namba 1 ikiwa karibu na vidole. Kwenye mguu wa pili geuza kama kioo. Jozi ya miguu miwili ya kushoto haina mteja.

Hatua ya 7: Suka

Pigilia soli ya ndani chini ya kalibu kwa misumari miwili isiyozama. Lowesha kanda tena, zifute kwa kitambaa.

Ukanda wa kwanza: acha mkia wa sentimita 5 chini ya soli, upandishe kwenye ND1, uupitishe juu ya kalibu kwa mshazari na uuteremshe NJ5. Chini ya soli uende NJ6, upande, uvuke kurudi ND2, uteremke. Kutoka ND2 nenda ND3 kwa chini, panda, vuka hadi NJ7. Kutoka NJ7 hadi NJ8, panda, vuka, malizia ND4. Sasa una mishazari minne inayolala upande mmoja.

Ukanda wa pili ni uleule kwa kinyume: panda NJ1, vuka hadi ND5, kutoka ND6 rudi NJ2, kutoka NJ3 vuka hadi ND7, kutoka ND8 malizia NJ4. Tofauti ni kwamba huu unasuka. Mshazari wa kwanza unapita juu ya ukanda mmoja, chini ya unaofuata, juu, chini. Mshazari wa pili unaanza chini. Yeyote aliyewahi kusuka mkeka ataona mkono wake unajua tayari. Ukimaliza una makutano kumi na sita juu ya mgongo wa mguu, na kila tundu limepitisha ukanda mmoja tu.

Usikaze mpaka mwisho wakati wa kupitisha. Suka chote kikiwa kimelegea kiasi, halafu rudi mwanzo ukaze kipande kwa kipande kwa ncha butu ya msharasi, ukifuata ukanda ulivyopita, kutoka ND1 hadi mkia wa mwisho. Rudia mara mbili. Vidole vitauma. Kiatu kilichokazwa vizuri ukikigonga kwa kucha kinatoa sauti kavu, na ncha ya penseli haipiti kati ya kanda bila kusukumwa.

Upana wa ukanda unaweza kuubadilisha. Kwa mwanamke wa ofisini nakata milimita 4 na kuongeza matundu hadi kumi kila upande, sita ya mbele yakiwa yamebanana. Unaongeza nusu siku ya kazi na uzuri unaoonekana toka ng'ambo ya barabara. Bei iongezeke pia.

Kamba ya nyuma haiingii kwenye soli. Izungushe kwenye mshazari unaopanda kutoka ND8, sentimita 3 juu ya soli, ishone. Ipitishe nyuma ya kisigino. Upande wa nje ifungwe kwa bizimu ndogo iliyoshonwa kwenye mshazari unaopanda kutoka NJ8. Kwa njia hii kamba inatembea pamoja na msuko mtu anapopanda mlima, na hapa Mwanza kupanda mlima ni kwenda nyumbani.

Hatua ya 8: Kausha

Siku mbili, kivulini, kikiwa bado kwenye kalibu. Usianike juani na hasa usiweke juu ya jiwe. Mawe yetu saa nane mchana yanakaanga ngozi, inasinyaa na kupasuka ukingoni mwa matundu. Masika ongeza siku ya tatu.

Hatua ya 9: Funga soli

Toa misumari ya muda. Mikia ya kanda chini ya soli ichonge iwe myembamba, ilaze ielekee katikati, ipake gundi ya viatu. Kanda zinazopita chini zimeacha matuta. Jaza katikati kwa kipande cha ngozi chenye unene uleule ili kuwe sawa, la sivyo mvaaji atahisi kila ukanda kwa unyayo. Bandika soli ya kati, ngozi yoyote ya milimita 2, hata ile ya tumbo uliyoikataa mwanzo.

Kwaruza tairi kwa msasa mkubwa mpaka liwe halina mng'ao, paka gundi pande zote mbili, subiri isinate kwenye kidole, ndipo ubandike na kugongagonga kutoka katikati kuelekea pembeni. Ukibandika gundi ikiwa mbichi, soli itabanduka Buzuruga kabla hujafika Igoma.

Gundi peke yake haitoshi. Toa kalibu, vika kiatu kwenye mguu wa chuma, na upigilie misumari myembamba kutoka chini, kila baada ya sentimita mbili na nusu, milimita 12 kutoka ukingoni. Msumari uwe mrefu kuliko unene wote kwa milimita 3 hivi, ili ncha ikigonga chuma ijikunje na kurudi ndani ya ngozi. Kisha vuta kipande cha soksi ya nailoni ndani ya kiatu chote. Kikinasa mahali, gonga tena hapo. Vidole vyako vimeota sugu na havihisi kitu, soksi inahisi.

Kwa mtu wa visiwani au wa kando ya ziwa, Ukerewe, Sengerema, Ilemela kwa chini, misumari hula kutu. Shona kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, mishono miwili inayopishana kwenye tundu moja, na uchimbe mfereji mdogo kwenye tairi ili uzi uzame usisagwe na lami.

Punguza kingo za tairi kwa kisu cha maji, kisha msasa.

Hatua ya 10: Kumkabidhi mwenyewe

Mvalishe hapohapo dukani. Lowesha msuko kwa kitambaa chenye maji, afunge bizimu, atembee nao mpaka ukauke mguuni. Huko Meksiko nako wanafanya hivi. Siku ya kwanza asiende mbali.

Mwambie mambo matatu tu, kwa sababu zaidi ya hapo hatayakumbuka: kikilowa kijazwe magazeti na kukaa kivulini, kikianza kuwa kikavu kipakwe mafuta ya ng'ombe au ya nyonyo kwa kitambaa, na ukanda ukikatika akilete upesi, asiufunge fundo.

Hilo la mwisho lina sababu yake. Ukanda mmoja ukikatika, jirani zake hubeba kazi yake na kulegea. Ukiletewa mapema, hufumui kiatu. Chukua kipande kipya cha upana uleule, chonga ncha mbili ziwe nyembamba kwa urefu wa sentimita 3, loweka, na ukipitishe juu ya ule wa zamani kwa njia ileile ya msuko mpaka kivuke makutano mawili kila upande wa mahali palipokatika. Gundi kidogo chini ya makutano hayo, gonga kwa nyundo ya mti, na uache kikauke kivulini hadi kesho yake. Kama palipokatika ni ndani ya tundu la soli, hapo hakuna njia ya mkato: ng'oa misumari ya upande huo, fungua soli, na ubadilishe mshazari mzima.

Soli ya tairi ikilika hadi kwenye nyuzi, ibanduliwe na kuwekwa nyingine juu ya msuko uleule. Bei yake ihesabu tairi, gundi, misumari na saa zako. Usihesabu msuko, huo alishaulipia.